Namna ya kununua gari la mkononi bila kuuziwa kimeo, hata kama hujui magari

Gari langu la kwanza nililinunua kwa sababu AC yake ilipuliza baridi hasa na redio ilikuwa na skrini kubwa. Ilikuwa mchana wa jua kali Dar es Salaam, nimeshuka kwenye daladala nimelowa jasho, dalali akaniambia, "Ingia kwanza bosi, uisikilizie." Nikaisikilizia. Wiki ya tatu giaboksi ikaanza kuteleza, na kadi ya gari ikaonekana ina jina la mtu ambaye hata aliyeniuzia hakuwahi kumwona.

La pili nililinunua miaka kadhaa baadaye, nikiwa sijui magari zaidi ya nilivyojua mara ya kwanza. Hadi leo ukinifungulia boneti naona mabomba na waya tu. Nilichobadilisha ni mpangilio: nilianza na karatasi, nikaja kwenye injini iliyolala usiku kucha, nikamleta fundi wangu mwenyewe, na hela ikatoka mwisho. Mpangilio huo ndio ninaoufuata hapa. Naandika kwa mnunuzi wa Tanzania. Wa Kenya atakuta ukaguzi wa gari ni ule ule, ila karatasi zake ziko NTSA, mamlaka yao ya usafiri, badala ya TRA, mamlaka yetu ya mapato.

1. Hela na aina ya gari

Kama una milioni 12, tafuta gari la milioni 10. Zinazobaki si za sherehe. Kuna uhamisho wa umiliki, bima, oil zote za kubadilisha, pengine matairi mawili, na kile ambacho fundi atakigundua wiki ya kwanza. Anayemaliza hela yote kwenye bei ndiye unayemkuta baadaye anaendesha huku taa ya injini inawaka, akisema "haina shida, iko hivyo hivyo."

Aina ichague kwa spea na mafundi, si kwa umbo. Toyota IST, Vitz, Passo, Raum, Spacio, Corolla na Premio zimejaa kila mkoa. Spea zake za dukani na za mtumba utazipata Gerezani, Dar es Salaam, na fundi wa Masasi anazijua sawa na fundi wa Mwanza. IST ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007, ina injini za aina mbili tu kwa magari yanayokuja kwetu, ya cc 1300 na ya cc 1500. Zote zinatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na zote zinanusa mafuta. Si gari la kujionyesha, lakini kwa asiyejua magari naona ni pa kuanzia pazuri. Subaru Forester na Nissan X-Trail ni magari mazuri pia. Ila kabla hujanunua, jiulize ni mafundi wangapi mjini kwenu wanaozijua kweli. Kama jibu ni mmoja, siku akisafiri na gari lako limesafiri.

Mambo mawili ya kuuliza hata kama huelewi maana yake. Kwanza: injini ni D4? Hizo ni injini za Toyota zinazopiga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kama ile ya cc 2000 iliyomo kwenye baadhi ya Premio, Noah na RAV4. Zikitunzwa zinakwenda, zikichoka pampu na nozeli zake zina bei. Pili: injini inatumia cheni au mkanda? RAV4 na Harrier za zamani, na Subaru nyingi, zina mkanda unaotakiwa kubadilishwa kwenye kilomita kama 100,000. Muuzaji akisema umebadilishwa, mwulize risiti iko wapi. Kama hana, hesabu kwamba haujabadilishwa na uweke gharama hiyo kwenye bei.

2. Kusoma tangazo na kumsikiliza dalali

Lugha ya biashara hii ina tafsiri zake. "Bei maongezi" maana yake bei imeshapandishwa kabla ya maongezi. "Injini haijaguswa" ni sifa ambayo wewe huwezi kuipima. "Inahitaji sevisi ndogo tu", basi mbona mwenyewe hakuifanya kabla ya kuuza, ikiwa ni ndogo? "Mwenyewe anasafiri kesho" ni kwa ajili ya kukuharakisha. Na lile gari la mama mmoja aliyekuwa analitumia Jumapili kwenda kanisani, nimeshaonyeshwa mara tatu, mitaa mitatu tofauti.

Dalali si mtu mbaya. Anajua magari yalipo na atakupunguzia mizunguko. Ila kumbuka kwamba mara nyingi ameweka cha juu chake, kwa hiyo bei aliyokutajia siyo aliyotaja mwenye gari. Omba mapema kukutana na mwenye gari ana kwa ana. Dalali anayekataa kabisa hilo, muage.

Neno jingine utakalolisikia ni "namba D" au "namba E". Ni herufi ya kwanza baada ya tarakimu kwenye kibao, T 123 D na kuendelea, na watu hupandisha bei kwa herufi hiyo. Inakuambia gari limesajiliwa nchini lini, basi. Gari la 2003 linaweza kuwa na namba E kwa sababu liliingizwa juzi, na la 2006 likawa na namba C. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi, na hali yake utaiona mwenyewe.

3. Kadi kwanza, boneti baadaye

Hapa ndipo ninapotaka uchukue muda mrefu kuliko popote. Injini mbovu inafunguliwa na kufungwa. Umiliki mbovu unaweza kukutoa gari mikononi ukiwa umeshalipa kila kitu. Na karatasi hazihitaji ufundi, zinahitaji macho na ubishi kidogo.

Omba kadi halisi ya usajili, si picha ya WhatsApp, pamoja na kitambulisho cha NIDA cha anayeuza. Jina la kadi na la kitambulisho vilingane. Yasipolingana, utaambiwa moja ya hadithi hizi:

"Nilinunua nikawa sijabadilisha jina." Hili ndilo la kawaida kuliko yote. Gari limeshapita mikono mitatu, kadi bado ina jina la mtu wa kwanza. Sharti lako liwe moja: mwenye jina apatikane, asaini yeye. Asipopatikana, achana nalo hata kama bei inavutia, maana wewe ndiye utakayemtafuta mwaka kesho.

"Ni la marehemu baba." Pole sana, lakini anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na karatasi ya mahakama uione. Mtoto mkubwa wa familia si msimamizi kwa sababu tu ni mkubwa.

"Kadi iko benki, ukilipa tunaikomboa." Basi mwende wote benki au kwenye taasisi ya mkopo, deni lijulikane, na hela yako ilipe deni hilo moja kwa moja mbele yako. Angalia pia kama jina la benki limeandikwa kwenye kadi yenyewe.

Kuwa makini na magari yaliyoingia kwa msamaha wa kodi, kama yale ya miradi ya wafadhili yenye namba za DFP, na yenye namba za Zanzibar zinazoanza na Z. Yanaweza kuwa na kodi ambayo haijalipwa Bara, na atakayedaiwa ni wewe unayetaka kulihamisha. Waulize TRA kabla, siyo baada.

Sasa chukua kadi usimame nayo mbele ya gari. Linganisha namba ya chesesi. Kwa Toyota nyingi ndogo imegongwa kwenye ukuta wa chuma nyuma ya injini, na huanza na herufi za modeli, kwa mfano NCP61 kwa IST ya 1500. Herufi ziwe zimekaa mstari mmoja, bila alama za kusagwa wala rangi mpya sehemu hiyo tu. Linganisha na namba ya injini pia. Injini kubadilishwa si dhambi, ila kadi iwe imerekebishwa.

Ukitoka hapo, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa madeni ya trafiki mtandaoni, TMS, uone faini zinazodaiwa. Wapo wanaouza gari likiwa na rundo la faini za elfu 30 moja moja. Bima nayo ihakiki kwenye mfumo wa TIRA, wasimamizi wa bima, kwa namba ya gari. Mzee wangu alikuwa akinisisitizia niangalie na "road license". Ile ada ya kila mwaka iliondolewa 2017 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo hiyo usijisumbue nayo.

4. Ukaguzi wako mwenyewe, asubuhi

Mwambie muuzaji unakuja saa moja asubuhi na unataka injini ya baridi. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, limeshawashwa, na sababu huwa ni kwamba likiwa baridi linafanya kitu ambacho hataki ukione. Rudi siku nyingine, au usirudi.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha oil uangalie upande wa ndani. Oil nyeusi si tatizo kubwa. Ute mweupe kama tui la nazi ni tatizo: maji yanachanganyika na oil, na hapo huenda gasketi imekwenda. Funua na rejeta, injini ikiwa baridi, nasisitiza. Unatarajia maji yenye rangi ya kijani au nyekundu. Ukikuta maji ya bomba yenye kutu, huyo amekuwa akijaza ndoo. Ukikuta mafuta yanaelea, funga boneti na uage.

Washa swichi bila kupiga stata. Taa za dashibodi zinatakiwa zote ziwake: ya injini, ya ABS, ya eabegi, ya oil, ya betri. Taa isiyowaka kabisa hapa inanitisha kuliko inayobaki kuwaka, kwa sababu ina maana kuna mtu ameing'oa ili usiione. Ya eabegi inatakiwa ijizime yenyewe baada ya sekunde chache hata kabla ya kupiga stata. Ikisubiri na kuzimika sekunde ile ile na ya oil, imeunganishwa kwa ujanja.

Piga stata huku mwenzako amesimama nyuma kwenye bomba la moshi. Mvuke mwepesi wa asubuhi unaopotea ni maji tu. Moshi wa bluu ni injini inayokula oil. Mweupe mzito usioisha ni maji yanayoungua ndani. Mweusi ni petroli nyingi kuliko inavyohitajika, na mara nyingi hilo lina dawa ya bei nafuu.

Bodi iangalie juani, kamwe si chini ya mwembe au taa za yadi. Chuchumaa kwenye kona ya gari uangalie ubavu kwa mlalo: chuma kilichonyooshwa kinaonyesha mawimbi. Beba sumaku ndogo ya friji iliyofungwa kitambaa. Mahali ambapo haishiki huenda pana puti chini ya rangi, isipokuwa bampa, ambayo ni plastiki. Angalia vichwa vya bolti za boneti na za madigadi. Vikiwa vimechunika rangi, viliwahi kufunguliwa. Kugongwa kidogo si sababu ya kukimbia, kila gari la Dar limebusiwa na bodaboda. Unachotafuta ni chuma cha mbele kinachoshika rejeta au sakafu ya buti iliyopinda na kuchomelewa. Inua zulia la buti na tairi la akiba utaona.

Ukiwa hapo, ingiza mkono chini ya zulia la dereva na unuse. Mchanga laini, unyevu, harufu ya mtungi uliokaa, na kutu kwenye reli za viti ni dalili za gari lililokunywa maji. Kwa Dar, ambako bonde la Jangwani hufurika masika, hili si la kufikirika. Gari la namna hiyo linang'aa vizuri likisafishwa, kisha umeme wake unakutesa miaka.

Kuhusu kilomita, sina imani na dashibodi ya mtu. Tazama mpira wa pedali ya breki, usukani na ukingo wa kiti cha dereva: vikiwa vimelika vibaya huku dashibodi inasoma 78,000, moja kati ya viwili hivyo inadanganya. Kuna ushahidi mwingine ambao wauzaji husahau kuuondoa: stika ndogo za Kijapani za kubadilisha oil, kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti. Huna haja ya kusoma Kijapani. Tafuta namba ya kilomita na mwaka. Miaka yao ya enzi ya Heisei unaijumlishia 1988, kwa hiyo 25 ni 2013. Kama gari lilikuwa na kilomita 96,000 likiwa bado Japani na leo lina 81,000, umepata la kuzungumza.

Matairi: tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri lakini la miaka minane ni la kubadilisha.

5. Kuliendesha

Dakika 40 zisipungue, na njia uichague wewe. Anza bila redio na bila AC. Gari la otomatiki, kanyaga breki, ingiza R, kisha D. Linatakiwa lishike mara moja na kwa ulaini. Likisubiri sekunde mbili halafu likapiga mshindo, giaboksi inazeeka. Giaboksi ndiyo iliyonifilisi mara ya kwanza, kwa hiyo niruhusu kuwa mkali hapa: likiteleza au likipiga, mimi silinunui kwa bei yoyote.

Pita kwenye matuta taratibu, vioo vimeshushwa, usikilize. Kugonga ni bushi, boli joint au shokapu. Vinatengenezeka, andika kwenye orodha. Tafuta kilima ukipande. Kwenye barabara iliyonyooka, legeza mikono kidogo uone kama linavuta upande, na ukanyage breki kwa nguvu pasipo na gari nyuma. Kisha washa AC uingie kwenye foleni. Ndiyo, foleni, kwa makusudi. Huko ndiko gari linalochemsha linajitaja.

Baadhi ya Toyota ndogo hazina mshale wa joto, zina taa ya bluu inayozimika injini ikishapata joto, na nyekundu ikichemsha. Ya bluu ikiendelea kuwaka dakika 20 na jua hili letu, huenda thamostati, kifaa kinachodhibiti joto la injini, imetolewa. Mafundi wengi huitoa gari likisumbua kwa kuchemsha, badala ya kutibu sababu. Uliza lilikuwa linachemsha tangu lini, kisha nyamaza umwache ajibu.

6. Fundi awe wako

Fundi aliyependekezwa na dalali ni wa dalali. Mtafute wa mtaa mwingine, aliyetengeneza gari la ndugu au jirani yako, na umlipe kabla hajaligusa gari, kiasi kile kile ununue usinunue. Fundi anayelipwa endapo tu biashara itafanyika ataona kila gari ni zuri. Mwombe aje na mashine ya kusoma hitilafu za kompyuta. Hata kama haionyeshi kosa lolote, mwulize kama gari limeshamaliza kujikagua lenyewe: makosa yakifutwa jana usiku, mashine nzuri itaonyesha kwamba ukaguzi wa ndani bado haujakamilika. Lipandishwe juu pia, ili aone chini yake.

Mwisho mwulize swali moja: "Ungekuwa unamnunulia mdogo wako, ungelichukua?" Fundi wangu alikaa kimya, akafuta mikono, akasema, "Mdogo wangu ningemwambia asubiri." Nikasubiri miezi miwili.

7. Bei na malipo

Orodha ya fundi ipeleke duka la spea upate bei halisi, kisha urudi nayo kwa muuzaji. Punguzo lenye karatasi halina ubishi mwingi. Kishika uchumba kikiombwa, kiwe kidogo, kwa maandishi, na iandikwe kwamba kinarudishwa kama karatasi zitakuwa na kasoro.

Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili, pande zote zikiwa na vitambulisho, TIN na picha. Andika namba ya chesesi, kilomita, tarehe, na saa ya makabidhiano. Saa ina maana yake: gari likifanya kosa au ajali asubuhi hiyo, ijulikane lilikuwa la nani. Lipa kwa benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye kadi. Ukiambiwa utume kwa "shemeji", simama.

Uhamisho TRA fanya wiki hiyo hiyo, muuzaji akiwa bado anapokea simu zako. Utalipa ada ya uhamisho, ada ya kadi mpya, na ushuru wa stempu ambao ni asilimia 1 ya thamani, vyote kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, si taslimu mkononi mwa mtu anayejuana na watu ndani. Bima ndogo ya gari binafsi imezoeleka kuwa 118,000, VAT ikiwemo. Ikate kwa jina lako kabla hujalitoa barabarani.

Kisha badilisha oil ya injini, oil ya giaboksi kwa aina ile hasa inayotakiwa na gari hilo (ya CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua, si ya giaboksi ya kawaida), filta, na maji ya rejeta, hata kama muuzaji ameapa amevibadilisha juzi. Kadi mpya ikitoka, isome pale pale dirishani, jina na chesesi herufi kwa herufi. Kopi ndiyo ikae kwenye gari. Kadi yenyewe ifungie kabatini nyumbani.